Mwenye bunduki akiugua akili, silaha ikalale kituoni

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwombaji wa silaha awe ametimiza miaka 25, awe na utulivu wa akili, asiwe mtu wa fujo, wala asiwe ametekwa na pombe au dawa za kulevya. Ni masharti mazuri na hatuna ugomvi nayo. Shida yetu ni kwamba yanampima mtu siku anayoomba, na maradhi ya akili hayana desturi ya kuja siku hiyo. Mfanyabiashara wa Tunduma anaweza kununua bastola akiwa mzima kabisa, sonona ikamkamata miaka sita baadaye mtaji ulipokatika. Mkulima wa Mbarali mwenye bunduki ya kulindia shamba anaweza kuanza kusikia sauti akiwa na miaka 40, baada ya miaka mingi ya pombe kali. Bunduki iko pale pale, chini ya kitanda au juu ya kabati, na kijijini hakuna utaratibu unaoeleweka wa kuitoa kwa muda bila mwenye nayo kuonekana mhalifu.

Huo utaratibu wa kuitoa kwa muda ndio tunaouandikia. Tunawaomba makamanda wa polisi wa Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa na Rukwa waagize kila kituo kipokee silaha ya mgonjwa kwa stakabadhi, bila kesi, na kuirudisha akishatengemaa.

Wapo wanaosema dawa ni kuwaorodhesha wagonjwa wote wa akili na kuwanyima silaha milele. Tunapinga, na si kwa huruma tu. Watu wengi wenye skizofrenia, ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti au aamini yasiyokuwepo, au wenye sonona, hawamdhuru mtu maisha yao yote. Mara nyingi zaidi wao ndio wanaopigwa, kuibiwa na kufungwa kamba. Utafiti wa Marekani, ambako suala hili limechunguzwa kwa miaka mingi, umeonyesha kwamba hata maradhi makubwa ya akili yangetoweka yote, vurugu zingepungua kwa asilimia 4 hivi. Zilizobaki karibu zote hufanywa na watu ambao daktari angewapima akamwandikia kila mmoja kwamba hana ugonjwa huo. Kinachoashiria hatari ni mambo mengine, na jirani anayaona bila kusomea udaktari: mtu amewahi kupiga au kutishia kuua, anakunywa kupita kiasi, ameachwa, amefukuzwa kazi au madeni yamemzidi, hajalala siku 3 mfululizo, anamtaja mtu kwa jina kwamba anamroga au anamtilia sumu, anasikia sauti zinazomwamuru kutenda.

Na mgonjwa aliyepoteza uhalisia anapodhuru, kwa kawaida hamdhuru mpita njia. Anamdhuru mke, mama, kaka, yule yule anayemletea chakula na kumkumbusha vidonge. Kwa hiyo ulinzi unaoanzia sokoni au stendi umeshachelewa. Uanzie chumbani ilipo silaha.

Anayeumia zaidi ya wote ni mwenye silaha mwenyewe. Mwaka 2021 Marekani ilipoteza watu 48,830 kwa risasi, na 26,328 kati yao walijiua, yaani zaidi ya nusu. Anayejaribu kujitoa uhai kwa bunduki hufa katika zaidi ya majaribio 8 kati ya 10, wakati wengi wanaotumia njia nyingine hufikishwa hospitali wakapona. Walionusurika, karibu 9 kati ya 10 hawafi kwa kujiua baadaye. Wimbi lenyewe ni fupi: katika utafiti mmoja wa watu walionusurika, karibu nusu walisema kati ya wazo na kitendo hazikupita dakika 10. Ni muda wa maji ya ugali kuchemka. Jeshi la Israeli lilipowaagiza askari wake mwaka 2006 waache bunduki kambini wanapokwenda nyumbani mwisho wa wiki, vifo vya kujiua vilishuka kwa asilimia 40 hivi. Siku za kazi, bunduki zikiwa mikononi kama kawaida, idadi haikubadilika sana. Tunawaomba wasomaji waliangalie hilo kwa makini, maana wengi huamini kwamba anayetaka kufa atapata tu njia. Si kweli. Ukimpitisha mtu katika saa ile mbaya akiwa hana bunduki mkononi, kwa kawaida anaishi.

Familia inayotaka kuitoa silaha nyumbani leo hujikwaa wapi? Mara nyingi kwa shemeji au kaka mkubwa. Anaichukua bunduki usiku, anaifunga kwenye turubai, anakwenda nayo kwake. Ni upendo mtupu, lakini kibali kina jina la mtu mmoja, na anayekutwa na silaha isiyo yake ana kesi ya kujibu. Wengine huificha darini au katikati ya magunia ya mahindi. Mgonjwa anaitafuta, anaipata, na sasa ana ushahidi wa kile alichokuwa akikishuku: kwamba nyumba nzima inamfanyia njama. Kuficha silaha ya mtu mwenye wasiwasi wa kufuatiliwa ni kuuongezea moto kuni.

Kikwazo kingine ni ufunguo. Kasha la chuma limefungwa vizuri, kila mtu ameridhika, kumbe ufunguo uko mfukoni mwa mgonjwa, au juu ya fremu ya mlango ambako hata mtoto wa darasa la tano anapajua. Kasha lililofungwa linamzuia mwizi. Halimzuii mwenye ufunguo.

Halafu kuna kosa la risasi. Asiyejua bastola huchomoa magazini, yaani kasha la risasi, akaona kazi imekwisha, wakati risasi moja imebaki kwenye chemba, tundu la nyuma ya mtutu, na bastola nyingi hufyatuka hata magazini ikiwa nje. Bunduki ya marisau ya kukunja huonyesha yote ukiikunja, lakini ile ya pampu huweka risasi nyingine katika bomba lililo chini ya mtutu, mbali na iliyo kwenye chemba. Kwa hiyo ushauri wetu kwa ndugu ni mfupi: kama hukufundishwa, usiiguse. Watoe watoto, funga chumba, ita polisi.

Anayepiga 112, au anayempigia polisi kata au mtendaji wa kijiji, aseme mambo yafuatayo kabla ya kukata simu: ni silaha gani na iko chumba gani, ina risasi au hajui, nani wamo ndani, mgonjwa ana maradhi gani na anatumia dawa gani, amelala lini mara ya mwisho, amekunywa au hajanywa, amemtishia nani. Askari wanaokwenda wakijua haya wanakwenda tofauti na wale walioambiwa tu "kuna chizi ana bunduki." Wafike bila ving'ora. Mtu mmoja tu azungumze, kwa sauti ya kawaida, na wengine wakae kimya na mbali. Umati uondolewe kwanza, na hasa vijana wenye mawe na mapanga, kwa sababu mtu anayeamini amezingirwa na maadui, akichungulia dirishani akaona watu 50, ameona kweli amezingirwa.

Lakini hiyo ni njia ya dharura. Njia bora ni kuihamisha silaha siku mgonjwa yuko kliniki au wodini, asipokuwa nyumbani kabisa. Askari wawili wanaoijua silaha wafuatane na mke au ndugu na mtendaji, waichukue, wahesabu risasi mbele ya wote, waandike. Na katika hali nyingi hata hilo la kwenda bila yeye halihitajiki. Mwenye sonona, akiulizwa kwa heshima, mara nyingi hukubali mwenyewe, na wapo wanaofarijika kuulizwa. Maswali ni matatu: "Nyumbani kuna silaha? Iko wapi? Ufunguo anao nani?" Tungependa yaandikwe kwenye kadi ya kila kliniki ya afya ya akili, kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya hadi kituo cha afya cha kata, yaulizwe kama tunavyouliza mzio wa dawa. Wapo watumishi wanaoogopa kwamba kumuuliza mtu kuhusu kujiua kunampandikizia wazo. Hakumpandikizii. Kunampa nafasi ya kulisema.

Tukae kidogo kwenye ghala la kituo, maana mipango mingi mizuri hufia hapo. Mwenye bunduki anakataa kuikabidhi kwa sababu mbili, nazo ni za haki: anaogopa itapotea, na anaogopa itaoza. Nyanda zetu zina mvua na ukungu kuanzia Novemba hadi Aprili, na chuma kisichopakwa mafuta hushika kutu upesi. Kwa hiyo mpokeaji apitishe kitambaa chenye mafuta ya silaha ndani na nje ya mtutu. Asiiache kwenye ala ya ngozi au mfuko wa kitambaa, maana hivyo hunyonya unyevu na kuushikilia kwenye chuma. Aisimamishe kwenye rafu, mbali na ukuta wenye unyevu, na kibandiko chenye namba kifungwe kwenye kilinzi cha kifyatulio. Kila mwezi ipakwe tena na tarehe iandikwe. Risasi zikae kando na ziwe na hesabu yake. Stakabadhi ionyeshe aina ya silaha, namba yake, kaliba (kipenyo cha mtutu), idadi ya risasi, mikwaruzo au kasoro iliyokutwa nayo, jina na namba ya askari aliyepokea, na tarehe ya mapitio. Nakala moja abaki nayo mke au ndugu, nyingine iwekwe kwenye faili la hospitali. Mtu akiona bunduki ya jirani imerudi ikiwa inang'aa, ataileta ya kwake bila kuitiwa mkutano.

Kuhusu kuirudisha, hatari haiishi siku ya kutoka wodini. Wiki za kwanza baada ya kuruhusiwa, hasa miezi 3 ya mwanzo, ndizo zenye vifo vingi vya kujiua. Dawa za sonona huchukua wiki 2 hadi 6 kuonyesha kazi yake, na mara nyingine nguvu za mwili hurudi kabla moyo haujatulia, kwa hiyo mtu aliyekuwa hawezi hata kuinuka sasa anaweza kuinuka na bado hataki kuishi. Kwa mwenye sikosi, yaani aliyepoteza uhalisia, anayechomwa sindano ya flufenazini ya kila mwezi kuna mtego wa aina nyingine. Akiikosa, hageuki kesho yake. Dawa hubaki mwilini kwa wiki kadhaa, familia inamwona mzima, inasema amepona hahitaji tena, kisha ugonjwa unarudi wakati wote wameshasahau sindano. Tunapendekeza silaha isirudi kabla ya miezi 3, na irudi kwa barua ya daktari inayosema mgonjwa amehudhuria kliniki angalau mara 3, anatumia dawa, hanywi, na mtu anayeishi naye ameulizwa peke yake naye hana hofu. Daktari akikataa, aandike sababu, na mgonjwa awe na haki ya kuomba daktari mwingine ampime. Kumnyima mtu mali yake bila njia ya kuidai ni kuwafundisha wengine wafiche ugonjwa.

Hilo la kuficha ndilo linalotufanya tuiogope ile orodha ya wagonjwa. Kliniki ikijulikana kuwa mlango wa polisi, mwenye bunduki hataingia, atakwenda kwa mganga au atakaa nyumbani. Kwa hiyo mhudumu wa afya atoe taarifa bila ridhaa ya mgonjwa pale tu penye tishio la wazi kwa mtu au kwa nafsi yake, na amwambie mgonjwa kwamba anaitoa. Kwa wengine wote, ombi na mazungumzo yanatosha. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 tayari inaruhusu aliye hatarini kufikishwa hospitalini bila ridhaa yake. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza bunduki yake imebaki na nani.

Marekani imejifunza hilo kwa gharama kubwa. Sheria yao ya mwaka 1968 inamzuia kumiliki silaha mtu aliyelazwa hospitali ya akili kwa amri, lakini haimzuii anayelewa kila siku. Kijana aliyeua watu 32 katika chuo cha Virginia Tech, Aprili 2007, alikuwa ametajwa na hakimu kuwa hatari kwa nafsi yake na kuamriwa atibiwe akitokea nyumbani. Taarifa haikufika kwenye kumbukumbu zinazoangaliwa kabla ya kuuza silaha, naye akanunua bastola mbili kama mteja yeyote. Lewiston, katika jimbo la Maine, watu 18 waliuawa tarehe 25 Oktoba 2023. Familia ya muuaji ilikuwa imewaambia polisi tangu Mei. Julai alilazwa kwa wiki 2 hivi. Septemba jeshi la akiba alimotumikia likaomba aangaliwe. Askari wakaenda kwake, hakufungua mlango, na suala la bunduki zake wakawaachia ndugu. Sheria ya kuzichukua ilikuwepo. Connecticut, iliyotunga sheria ya kuondoa silaha kwa muda mwaka 1999, imeonyesha upande wa pili: watafiti walikadiria kwamba kila silaha zilipoondolewa kwa watu 10 hadi 20, mtu mmoja aliokolewa asijiue.

Huku kwetu kuna silaha ambazo hazimo katika kumbukumbu yoyote, nazo ni magobole. Chunya, Mbarali, Pawaga na Idodi, gobole hutengenezwa na fundi wa kijijini na hutumika kufukuza nguruwe pori na nyani shambani, au kuwindia. Hushindiliwa baruti na goroli kwa mdomoni, na kuitoa shehena hiyo ni kazi, kwa hiyo hukaa siku nyingi ikiwa tayari, fataki tu, ile ya kuwashia baruti, ndiyo inayongojwa. Anayelikuta hulidhani tupu kwa sababu ni la zamani na lina kutu. Kama fataki imeshawekwa, ikitolewa na kuwekwa mbali, hatari imepungua. Maji yakimiminwa mdomoni mwa mtutu na kwenye tundu la fataki, baruti hulowa isiwake. Kamwe mtu asichokonoe kwa kijiti akiwa ameinamia mtutu. Septemba ya kila mwaka Umoja wa Afrika umeitenga kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu, lakini ugonjwa haungojei Septemba. Mama anayetaka gobole la mwanawe mgonjwa litoke nyumbani mwezi Februari aweze kulikabidhi kwa mtendaji wa kijiji bila mtu kufunguliwa kesi, la sivyo ataliacha lilipo, na sote tunajua kwa nini.

Pombe tuitaje kwa ufupi. Mlevi wa muda mrefu akiacha ghafla, kati ya siku ya 2 na ya 4 anaweza kutetemeka, kutokwa jasho, kuona wadudu au watu wasiokuwepo na kupigana nao. Wengi huita kurogwa. Ni dharura ya hospitali, inaua, na nyumba yenye silaha iitoe silaha kabla mtu huyo hajaanza kuacha.

Kwenye fomu ya maombi nako muhuri wa mtaa usigongwe kwa mazoea. Mwenyekiti asiyemfahamu mwombaji aseme hamfahamu. Kipimo cha sonona cha maswali 9, ambacho alama 10 kwenda juu humtaka mtu achunguzwe zaidi, na kile cha pombe cha maswali 10, ambacho alama 8 ni onyo, hufanyika kwa nusu saa katika kituo cha afya. Mwombaji anaweza kudanganya, kwa hiyo mke au mume aulizwe pia, faragha, si sebuleni mbele ya mwombaji.

Jambo la mwisho ni leseni isiyolipiwa. Wapo wenye silaha halali ambao hawajalipia, na familia zao zinaogopa kufika kituoni kwa sababu hiyo tu. Kituo kipokee silaha kwanza, kiandike deni kando, na kiwape miezi ile ile 3 ya matibabu walimalize.

Matabibu wawili wa afya ya akili na askari mstaafu wa ghala la silaha,
Mbeya.